GEORGE PULLMAN: Bwanyenye wa mabehewa aliyejenga mji akashindwa kuuelewa

JENEZA la George Mortimer Pullman lilipakwa lami, likateremshwa katika shimo lililosakafiwa kwa saruji, kisha juu yake vikalazwa vyuma vya reli vilivyofungwa pamoja kwa bolti na kumwagiwa saruji tena. Ilikuwa Oktoba 1897, katika makaburi ya Graceland jijini Chicago, Marekani.

Jamaa zake waliwahofia wafanyakazi wake, na wale aliowahi kuwafuta kazi. Walidhani uchungu waliokuwa nao ungetosha kuwafanya waje usiku kufukua maiti.

Ajabu ni kwamba miaka 16 tu kabla ya hapo, marehemu alikuwa akimiminiwa sifa kwa kuwajengea wafanyakazi hao hao mji mzima wa nyumba za matofali, wenye maji ya mfereji, bustani za maua, maktaba na jumba la michezo ya kuigiza. Wageni walifunga safari kutoka mbali kuja kuutazama. Mji huo, uliopewa jina lake, ulikuwa umbali wa maili 14 hivi kusini mwa kitovu cha Chicago, kando ya Ziwa Calumet na reli ya Illinois Central.

Pullman alizaliwa Machi 3, 1831 katika kijiji cha Brocton, jimbo la New York, akiwa mtoto wa tatu kati ya kumi. Babake, Lewis, alikuwa seremala aliyebuni mtambo wa kuhamisha nyumba nzima nzima kutoka mahali pamoja hadi pengine. Akiwa na umri wa miaka 14 kijana huyo aliacha shule na kufanya kazi dukani, kisha akajiunga na kakake aliyekuwa akitengeneza samani katika mji wa Albion.

Babake alipofariki mwaka wa 1853, mzigo wa kumlea mama na wadogo zake ulimwangukia George. Bahati ilikuwa kwamba serikali ya jimbo ilikuwa ikipanua Mfereji wa Erie, na majumba yaliyokuwa ukingoni yalihitaji kusogezwa. Akachukua kandarasi hiyo na kuitekeleza vyema.

Ujuzi huo ndio uliompeleka Chicago mwaka wa 1859. Jiji hilo lilijengwa juu ya kinamasi, na barabara zake ziligeuka matope kila mvua iliponyesha. Maafisa wa jiji waliamua kuinua barabara ili mabomba ya majitaka yapite chini yake, hatua iliyoyaacha majengo ya zamani yakiwa bondeni. Pullman na wenzake walikuwa miongoni mwa makandarasi walioitwa kuyainua.

Walifanya hivyo kwa kutumia maelfu ya jeki. Kila mfanyakazi alisimamia jeki kadhaa, na kipenga kilipopulizwa wote walizungusha kwa pamoja kiasi kidogo tu. Ndivyo hoteli ya Tremont House, jengo kubwa la matofali, ilivyoinuliwa mwaka wa 1861 huku wageni wakiendelea kukaa humo.

Lakini akili ya Pullman ilikuwa tayari imehamia kwingine. Safari za usiku kwa garimoshi wakati huo zilikuwa adhabu. Abiria walilala kwenye mbao ngumu zilizopangwa kama rafu, bila shuka, huku moshi wa taa na vumbi la makaa vikiwajaa puani. Mwaka wa 1859 Pullman alikarabati mabehewa mawili ya kampuni ya Chicago and Alton katika karakana ya Bloomington, Illinois, akayawekea vitanda vilivyoweza kukunjwa mchana.

Baada ya kukaa miaka michache Colorado, ambako wengine walikimbilia dhahabu naye akafanya biashara ya kuwauzia bidhaa, alirejea na kuunda behewa aliloliita Pioneer. Lilikamilika mwaka wa 1865 na kugharimu takriban dola 20,000, kitita ambacho kwa behewa moja kiliwaacha wengi vinywa wazi. Lilikuwa pana na refu kuliko yale yaliyozoeleka kiasi kwamba baadhi ya majukwaa ya stesheni yalilazimika kukatwa ili lipite.

Kampuni yake ilieneza hadithi kwamba behewa hilo lilikuwa katika msafara uliobeba mwili wa Rais Abraham Lincoln kutoka Chicago hadi Springfield mwaka huo. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Ikiwa ilitungwa, basi aliyeitunga aliielewa biashara ya matangazo mapema kuliko wenzake.

Mwaka wa 1867 Pullman alisajili kampuni ya Pullman Palace Car, na mwaka huo huo akamwoa Harriet Sanger. Siri ya utajiri wake ilikuwa kwamba hakuyauza mabehewa yake ya kifahari. Aliyakodisha kwa kampuni za reli pamoja na wahudumu wake, na abiria aliyetaka kitanda alilipa nauli ya kawaida kwa kampuni ya reli kisha akamlipa Pullman ada ya ziada. Reli zilipoenea bara zima, pesa zilimfuata kila zilikofika.

Wahudumu hao walikuwa takriban wote Wamarekani weusi, wengi wa kwanza wakiwa watu waliotoka utumwani muda mfupi uliopita. Walitandika vitanda, wakapiga viatu rangi na kuitikia kengele usiku kucha kwa mshahara mdogo ambao hauwezi kuitwa riziki bila bakshishi. Abiria wengi hawakujisumbua kuuliza majina yao. Waliwaita wote George, kwa jina la tajiri, sawa na jinsi mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mgomo mkubwa wa reli wa mwaka wa 1877 uliwatia kiwewe matajiri wa Marekani. Pullman aliamini kwamba chanzo cha vurugu ni mazingira: vibanda vichafu, pombe, na uvivu wa jioni. Mfanyakazi akipewa makao safi, aliwaza, atakuwa mtulivu, hatalewa, hatahama, na kazi yake itakuwa bora. Mwaka wa 1880 alinunua takriban ekari 4,000 za ardhi kwa dola 800,000 hivi, akamwajiri msanifu kijana, Solon Beman, pamoja na mtaalamu wa bustani, Nathan Barrett. Wawili hao walichora mji kuanzia karakana hadi kitasa cha mlango.

Matofali yalifinyangwa kwa udongo wa ziwa lililokuwa jirani. Injini kubwa ya mvuke iliyotia fora katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka wa 1876 ilinunuliwa na kuletwa kuendesha karakana. Majitaka yalisukumwa kwa pampu hadi shamba la kampuni, yakawa mbolea ya mboga zilizouzwa sokoni. Hakuna kilichoachwa kiende bure.

Familia ya kwanza ilihamia Januari 1, 1881. Kufikia katikati ya mwongo huo mji ulikuwa na zaidi ya watu 8,000, na mwaka wa 1893 walikuwa wamepita 12,000. Wafanyakazi walitoka Ujerumani, Uswidi, Ireland, Uholanzi na kwingineko. Wahudumu weusi wa mabehewa, ambao jasho lao lilikuwa sehemu ya nguzo za kampuni, hawakuwa na nafasi katika nyumba hizo.

Ni muhimu kuelewa jinsi uchumi wa mji huo ulivyoendeshwa, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Pullman hakuujenga kwa sadaka. Alisema wazi kwamba kila jengo lilipaswa kuleta faida ya asilimia 6 kwa mwaka kwa mtaji uliotumika. Nyumba, soko, maduka, ukumbi, hata kanisa, vyote vilikuwa vitega uchumi.

Kanisa la mawe ya kijani lililojengwa katikati ya mji lilisimama tupu kwa muda mrefu kwa sababu madhehebu yaliyokuwapo hayakumudu kodi iliyotakiwa. Maktaba ilianza na vitabu zaidi ya 5,000 alivyovitoa Pullman mwenyewe, lakini mtu mzima alilipa dola 3 kwa mwaka kuvisoma. Baa ilikuwa moja tu, ndani ya hoteli iliyoitwa Florence kwa jina la bintiye kipenzi. Mfanyakazi wa kawaida hakujihisi kukaribishwa humo, kwa hivyo wenye kiu walivuka reli hadi mtaa wa Kensington, ambako mabaa yalijaa tele.

Hakuna mkazi aliyeruhusiwa kununua nyumba. Mkataba wa upangaji uliweza kuvunjwa kwa notisi ya siku kumi. Hapakuwa na baraza la mji lililochaguliwa, wala gazeti huru. Aliyekuajiri ndiye aliyekuwa mwenye nyumba yako, ndiye aliyekuuzia maji na gesi, na ndiye aliyemiliki ukumbi ambao ungehitaji kuukodi iwapo ungetaka kumlalamikia.

Mwanauchumi Richard Ely aliuzuru mji huo na kuandika juu yake mwaka wa 1885. Alisifu usafi na uzuri wake, lakini akaona kwamba watu walizungumza kwa kunong'ona na kwamba hakuna aliyepahesabu kuwa nyumbani. Wengi walikaa miaka michache tu wakahama. Mwaka wa 1889 wapigakura wa eneo hilo waliridhia kuunganishwa na jiji la Chicago, ingawa Pullman alipinga. Hata hivyo ardhi na nyumba zilibaki mikononi mwake.

Faida nayo haikufika asilimia 6 aliyoitarajia. Ilikuwa karibu na 4.5. Kodi ya nyumba ilikuwa juu kwa kati ya asilimia 20 na 25 ikilinganishwa na mitaa jirani, ingawa nyumba zenyewe zilikuwa bora. Mradi kazi ilikuwapo na mishahara ikalipwa, watu walivumilia.

Kisha ukaja mwaka wa 1893. Kampuni za reli zilizokuwa zimekopa kupita kiasi zilianza kufilisika, mabenki yakafunga milango na maagizo ya mabehewa mapya yakakauka. Pullman aliwafuta kazi maelfu ya watu, kisha akawarejesha baadhi yao ili kutekeleza kandarasi alizozipata kwa bei ya chini. Mishahara yao ilipunguzwa kwa wastani wa robo, na kwa baadhi ya waliolipwa kwa kipande ilipungua zaidi ya hapo. Mishahara ya mameneja na wasimamizi haikuguswa. Kodi ya nyumba pia haikuguswa.

Katika kumtendea haki, Pullman alikuwa na hoja. Alieleza kwamba baadhi ya kandarasi hizo zilikuwa za hasara, na kwamba alizichukua ili karakana zisifungwe kabisa. Kuhusu kodi, alishikilia kwamba biashara ya kuunda mabehewa na biashara ya kupangisha nyumba ni vitu viwili tofauti, vyenye vitabu tofauti vya hesabu. Kwamba moja imepata hasara hakukuwa sababu ya nyingine kupunguza bei.

Kwenye vitabu vyake hoja hiyo ilisimama. Mezani kwa fundi rangi au seremala ilianguka, kwa kuwa kodi ilikatwa kutokana na mshahara ule ule uliopunguzwa. Wapo waliofanya kazi wiki mbili wakabakiwa na senti chache. Majira hayo ya baridi baadhi ya watoto walikosa kwenda shule kwa kukosa viatu na makoti. Kufikia Mei 1894 malimbikizo ya kodi yalikuwa takriban dola 70,000.

Takwimu za kampuni yenyewe, zilizotolewa baadaye mbele ya tume ya serikali, zilisema mengi. Katika mwaka uliokwisha Julai 1893, kampuni ililipa mishahara ya dola milioni 7.2 na kuwagawia wenye hisa dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata mishahara iliporomoka hadi dola milioni 4.5. Mgao wa wenye hisa ulipanda hadi karibu dola milioni 2.9. Na kampuni ilikuwa na akiba ya takriban dola milioni 25 ambazo hazikuwa zimegawanywa.

Wafanyakazi walituma ujumbe kwa wakuu wa kampuni mapema Mei 1894. Waliahidiwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kuja kulalamika. Siku iliyofuata watatu kati ya wajumbe hao walisimamishwa kazi. Kampuni ilidai ni sadfa tu, kazi ilikuwa imepungua katika vitengo vyao. Mei 11 wafanyakazi waliweka zana chini na kutoka.

Wengi wao walikuwa wamejiunga na chama kipya cha American Railway Union kilichoongozwa na Eugene Debs, aliyewahi kuwa mtia makaa kwenye garimoshi. Debs mwanzoni hakutaka kuingia vitani. Chama kilikuwa kichanga. Wajumbe wa mkutano wake walipowasikia watu wa Pullman wakisimulia masaibu yao waliomba mazungumzo na upatanishi. Kampuni ilijibu kwamba hapakuwa na la kupatanishwa. Wito huo ungeliitikiwa, historia ya chama hicho na ya mji huo ingekuwa nyingine.

Kuanzia Juni 26 wanachama kote nchini walikataa kuhudumia garimoshi lolote lenye behewa la Pullman. Ndani ya siku chache takriban wafanyakazi 250,000 katika majimbo 27 walikuwa wamejiunga, na reli za magharibi zikakwama. Doa moja la chama hicho halipaswi kufichwa: mkutano huo huo wa Juni ulikuwa umepiga kura, kwa tofauti ndogo, kuwazuia watu weusi kujiunga. Kwa hivyo wahudumu wa mabehewa waliachwa nje ya vita vilivyowahusu kuliko wengi.

Wakuu wa kampuni za reli walijipanga nao, wakaambatisha mabehewa ya Pullman kwenye magarimoshi yaliyobeba barua, ili kuyazuia kuwe ni kuzuia posta ya serikali. Mwanasheria Mkuu Richard Olney, aliyekuwa wakili wa kampuni za reli kabla ya kuteuliwa, alipata amri ya mahakama dhidi ya viongozi wa mgomo mnamo Julai 2. Rais Grover Cleveland akatuma wanajeshi Chicago, licha ya Gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, kulalamika kwamba hakuwaomba.

Wanajeshi walipowasili ndipo ghasia ziliposhika kasi. Mamia ya mabehewa yaliteketezwa kwa moto, na Julai 7 askari wa jimbo walifyatulia umati risasi. Kote nchini watu wapatao 30 walipoteza maisha kabla ya mgomo kuzimwa.

Siku chache kabla ya kutuma jeshi, Cleveland alikuwa ametia saini sheria ya kuifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu ya wafanyakazi. Ndiyo maana Wamarekani hawapumziki Mei 1 kama Wakenya, ingawa chimbuko la Mei 1 ni jiji hilo hilo la Chicago.

Debs alifungwa miezi sita kwa kudharau amri ya mahakama. Baadaye aliwania urais mara tano kwa tiketi ya wasoshalisti. Karakana za Pullman zilifunguliwa tena Agosti 1894, na waliotaka kurudi walitakiwa kuahidi kwa saini kwamba hawatajiunga na chama hicho. Gavana Altgeld aliutembelea mji mwezi huo, akazikuta familia zikiwa na njaa ndani ya zile nyumba zilizosifiwa, akamwandikia Pullman kumwomba afute malimbikizo ya kodi. Hakufanikiwa.

Tume iliyoundwa na Rais, chini ya Carroll Wright, ilimhoji Pullman na kuchapisha ripoti iliyomlaumu kwa kukataa upatanishi na kwa kutopunguza kodi. Alikuwa ameshinda mgomo, lakini alitembea mjini kama aliyeshindwa. Watu waliokuwa wakimwalika wakamkwepa, na afya yake ikadhoofika. Alifariki kwa maradhi ya moyo Oktoba 19, 1897 akiwa na umri wa miaka 66.

Wosia wake ulikuwa mkali na karimu kwa pamoja. Wanawe wawili wa kiume, pacha, aliwaachia dola 3,000 tu kila mmoja kwa mwaka, akieleza kwamba hawakuonyesha uwajibikaji wa kustahili mali kubwa. Lakini alitenga dola milioni 1.2 za kujenga shule ya ufundi ya bure kwa watoto wa mji wake. Ilifunguliwa mwaka wa 1915 na kufundisha hadi 1950. Uongozi wa kampuni ulichukuliwa na Robert Todd Lincoln, mwanawe Rais Lincoln.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kwamba cheti cha kampuni kiliiruhusu kuunda mabehewa, si kumiliki mji. Kampuni iliamrishwa kuuza kila kitu kisichohusu karakana. Kufikia mwaka wa 1907 hivi nyumba zilikuwa zimeuzwa, nyingi kwa waliokuwa wapangaji.

Wahudumu wa mabehewa nao walingoja zaidi. Mwaka wa 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya vitisho na kufutwa kazi walitia saini mkataba na kampuni ya Pullman, Agosti 1937. Saa za kazi zilipunguzwa na mshahara ukapanda.

Ndege na magari ya kibinafsi ndivyo vilivyoua biashara ya vitanda vya reli, na kampuni ilikoma kuendesha mabehewa ya kulala mwishoni mwa 1968. Mapema katika mwongo huo kulikuwa na mpango wa kubomoa mji wote na kuweka eneo la viwanda. Wakazi, wengi wao wazao wa mafundi wa zamani, waliungana wakaupinga hadi ukafa. Mwaka wa 2015 Rais Barack Obama aliutangaza kuwa mnara wa kitaifa, na mwaka wa 2022 ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa.

Mnara wa saa wa karakana, ulioharibiwa kwa moto mwaka wa 1998, umekarabatiwa na ndio kituo cha kupokelea wageni. Hoteli ya Florence bado imesimama, na kanisa la mawe ya kijani pia. Safu za nyumba za matofali zingali na watu ndani, na zina wenyewe.